Shangazi, jiki imegoma

Swali: Shikamoo shangazi. Tumehamia Kigamboni, maji tunayotumia ni ya kisima. Sinki jeupe la bafuni lina mchirizi wa kahawia chini ya bomba. Nimemwaga jiki mara tatu, ndiyo kwanza unakolea! (Mama wawili)

Jibu: Marahaba mwanangu. Hebu iweke hiyo jiki pembeni. Maji ya visima vingi yana madini ya chuma. Yakikutana na hewa hugeuka kutu, na jiki huongeza kasi.

Kwanza suuza sinki mpaka harufu iishe kabisa, maana jiki ikikutana na ndimu hutoa gesi ya kukaba koo. Kisha kamulia ndimu mbili kwenye chumvi, ipate uzito wa uji. Paka, acha nusu saa, sugua kwa mswaki mkuukuu. Doa sugu, rudia kesho.

Steliwaya usiguse. Mimi nilisugulia sinki langu la jikoni, likang'aa nikajisifu. Asubuhi nakuta vidoa vyekundu, vipande vya waya vimeota kutu humo humo. Sakafu ya terazo nayo usiipake ndimu, inaliwa.

Halafu bomba lenyewe, si linadondosha? Badilisha washa, kile kipira cha ndani ya bomba, la sivyo tutaandikiana tena mwezi ujao.