Mali, utajiri au "mna"? Kuuliza vitu vya kaya kwa Kiswahili kinachoeleweka

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa takwimu. Tunaandaa dodoso la mazoezi kwa kufuata mfano wa Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania. Tumebishana kuhusu sehemu inayouliza vitu vilivyomo katika kaya. Wengine wanataka iitwe "Utajiri wa kaya", wengine "Mali za kaya". Halafu yupo anayeandika "Je, kaya yako inamiliki redio?" na yupo anayeandika "Je, mna redio?" Kiswahili sahihi ni kipi?

JIBU: Yote manne ni Kiswahili sanifu, na mtahini wa sarufi hatakata hata moja. Ila kila moja lina mahali pake. Likitumiwa pasipo pake, jibu linalorudi linakuwa la swali jingine kabisa, na aliyeko ofisini hana njia ya kulijua hilo.

Utajiri ondoeni kabisa kwenye maswali. Neno hilo linahukumu, na anayeulizwa atajitetea badala ya kujibu. Isitoshe, mtaani tajiri ana maana yake: dereva wa daladala au bodaboda humwita hivyo mwenye chombo, yule anayepelekewa hesabu kila jioni. Muulize dereva huyo habari za utajiri, atakwambia yeye hana, tajiri yuko kwake. Kuna na jambo zito zaidi. Tangu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) uanze Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, neno "kaya" likikaa karibu na umaskini au utajiri linaamsha swali moja kichwani mwa mwenyeji: hawa wanaandikisha watu wa kusaidiwa, au wa kutozwa? Vyovyote atakavyoamua, friji inaweza isitajwe. Karani aeleze mapema, kwa maneno mepesi, kwamba majibu ni siri kwa mujibu wa Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, kisha asilitaje neno utajiri hata kwa bahati mbaya.

Hata kwa mchambuzi neno hilo lina mtego. Kipimo kinachotumika sana katika tafiti za kaya hakihesabu fedha. Kinachukua orodha ya vitu, aina ya sakafu, paa, maji na choo, kinavipa uzito kwa njia ya kitakwimu ambayo wachumi Deon Filmer na Lant Pritchett waliieleza mwaka 2001, kisha watu wanagawanywa katika makundi matano yenye idadi sawa. Anayeangukia kundi la juu yuko juu ya wenzake tu. Huenda ana jiko la gesi na sakafu ya saruji, na benki hana kitu. Kwa hiyo "fahirisi ya mali za kaya" ni jina la haki kuliko "fahirisi ya utajiri". Fahirisi msiikimbie, wasomaji wameshaizoea kwenye Fahirisi za Bei.

"Mali za kaya" basi ndiyo iwe kichwa cha sehemu. Upatanisho wake ni mali hii, mali hizi. Lakini kichwa hicho ni cha karani, si cha kusomwa mlangoni. Mwenye redio na baiskeli hasemi ana mali. Kwake mali ni ng'ombe, shamba, nyumba, na sehemu nyingine "kutoa mali" ni kulipa mahari. Ukiuliza "Mna mali gani?" utapata kimya au kicheko. Taja kitu kimoja kimoja, ngoja jibu, jaza, endelea.

Sasa kitenzi, ambako ndiko makosa mengi yalipo. "Mna" ni pana mno. Dereva mwenye pikipiki ya mkataba anasema "ninayo", na hasemi uongo: inalala kwake, ufunguo uko mfukoni mwake. Ila si yake mpaka mkataba uishe. "Kumiliki" nako ni kwembamba mno. Mke akiulizwa "Je, unamiliki nyumba hii?" anaweza kusema hapana kwa sababu hati ina jina la mume, ilhali nyumba ni ya kaya. Kijana mwenye redio yake naye hahesabiki, maana mama anayejibu anaona hiyo ni ya mtoto. Swali linalokwepa mashimo yote mawili ni refu kidogo: "Je, katika kaya hii kuna mtu yeyote mwenye pikipiki ambayo ni yake mwenyewe?" Kwa mifugo fanyeni vivyo hivyo, kwa kuwa ng'ombe walioko zizini wanaweza kuwa wa ndugu aliyeomba watunzwe. Kuku waulizeni peke yao. Wengi wakisikia "mifugo" kuku hawamo.

Mkiandika kwa wingi, andikeni "yenu", si "yako". "Redio yako" inamlenga aliyekaa mbele ya karani, na sensa inaitafuta ya kaya.

Tahadhari nyingine: "inayofanya kazi". Mwandishi wa dodoso anakusudia kitu kisicho kibovu. Kwa redio inaeleweka. Kwa pikipiki au gari, msikilizaji anaweza kuelewa chombo cha biashara, kinachotafuta hesabu barabarani, na mwenye pikipiki nzima ya kwendea shambani atajibu hapana. Kwa vyombo vya usafiri semeni "nzima, inayotembea".

Kuna neno moja ambalo nalichukia sana katika madodoso ya nyumba, nalo ni kodi. Tanzania kodi ni ya mwenye nyumba na ni ya serikali pia. Swali "Je, mnalipa kodi?" likiulizwa na mtu mwenye kitambulisho cha serikali shingoni lina jibu moja tu kichwani mwa mwananchi. Ulizeni "Mmepanga, au nyumba ni yenu?" na majibu yawe: ya mtu wa kaya hii, ya kupanga, ya mwajiri, mnaishi bure. Kenya wana unafuu, kwa sababu serikali hutoza ushuru na kodi hubaki kwa mwenye nyumba, ingawa huko nako maneno haya huingiliana.

Majina ya vitu yafuate mdomo wa watu. Jokofu ni zuri kwenye jedwali. Mlangoni ni friji. "Mna jiko?" haifai, maana jiko ni chumba, ni chombo, na aliyeoa naye kapata jiko. Semeni jiko la gesi, jiko la mkaa, jiko la umeme. Pasi itajwe ni ya umeme au ya mkaa, tofauti hiyo inabadilisha uzito wake katika fahirisi. Vigae viko juu ya paa na viko chini sakafuni, basi kwenye swali la sakafu ongezeni "marumaru". Simu janja wengine wanaiita ya kupangusa, na ile ndogo kitochi. Kenya ni mulika mwizi. Maneno hayo yasiingie kwenye dodoso lenyewe, yaingie kwenye mwongozo wa karani ili wote wafafanue kwa namna moja.

Na "kaya" yenyewe isibadilishwe kuwa familia. Kaya ya sensa ni watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, chakula hasa. Mume mwenye wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na chungu chake, ana familia moja na kaya mbili. Baiskeli yake haiandikwi mara mbili. Mkienda Pwani ya Kenya fafanueni zaidi, kwani huko Kaya ni makazi matakatifu ya Wamijikenda msituni, yaliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Mwisho, swali la vyumba, ambalo hamkuliuliza lakini nimeliona kwenye rasimu yenu: "Nyumba ina vyumba vingapi vya kulala?" Hapo mmeuliza ramani ya fundi. Kupima msongamano mnahitaji vyumba ambavyo watu wanalala kweli, na sebule inayotandikwa godoro usiku imo. Kauli ya kutendea inafanya kazi hiyo: "Watu wa kaya hii wanalalia vyumba vingapi?" Kama inasikika kama wamevilalia vyumba kwa mgongo, andikeni "vyumba vingapi vinatumika kulalia, pamoja na sebule kama kuna anayelala humo?" Ni ndefu, lakini karani hatalazimika kuifafanua.