Vivuli vya saa sita usoni: namna ninavyovitoa

Picha za ubarikio huku Moshi zina tabia moja. Ibada inatoka saa sita, jua liko utosini, familia inajipanga mbele ya kanisa, bibi na kofia yake, mjomba na kapelo yake. Tuko kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na mwezi Machi au mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linasimama karibu wima kabisa. Jioni ukifungua kompyuta, macho ya watu wote ni mashimo meusi. Mteja anasema, "Futa tu hivyo vivuli, si unayo programu?"

Vinatoka, ila kwa kufuta hapana. Chini ya kivuli jicho lipo palepale, limekosa mwanga tu. Kwa hiyo kilichoangukia uso nakiongezea mwanga. Kilichoangukia mahali pasipo na kazi, mfano kivuli changu mwenyewe kimejilaza kwenye nyasi mbele ya maharusi, nakifunika kwa kipande cha nyasi za jirani. Ukichanganya hizo kazi mbili, ukapeleka brashi ya kuponya, ile inayofunika kwa kipande cha jirani, kwenye shavu la mtu, unampa ngozi ya plastiki.

Kwenye simu, programu ya Snapseed inatosha na ni ya bure. Usikimbilie kitelezi cha vivuli cha picha nzima: kinanyanyua kila cheusi, na suti ya baba inageuka kijivu. Tumia zana ya kuchagua sehemu. Weka nukta usoni, bana duara kwa vidole viwili hadi lisivuke uso sana, kisha ongeza mwangaza pole pole. Kwenye programu za kompyuta kama Lightroom au Photoshop kazi ni ileile kwa maski, yaani eneo unalolipaka ili badiliko liishie humo, ya brashi yenye kingo laini. Kama bajeti hairuhusu, GIMP hailipiwi.

Pagumu ni rangi. Uso ulio kivulini haupigwi na jua moja kwa moja, unamulikwa na anga, na mwanga wa anga una ubuluu. Ukiongeza mwangaza peke yake, ubuluu nao unapanda, na ngozi zetu hizi zinatoka za majivu, mtu anaonekana ametoka wodini jana. Ndani ya maski hiyohiyo sogeza joto la rangi upande wa njano. Kidogo tu, halafu linganisha na shingo au mkono uliopigwa na jua. Aliyesimama chini ya mti ana na kijani kinachorushwa na majani. Huyo mwongezee waridi kidogo.

Mstari wa ukingo wa kofia unaokatiza pua ndio unaokula muda. Kuza picha, tumia brashi ndogo, fuata ukingo wenyewe, na maski yako iwe laini kadiri kivuli kilivyo laini. Ukizidisha, unabaki na mstari mweupe pale palipokuwa na mweusi.

Haya yote yanategemea faili uliloanza nalo. JPEG, faili la kawaida lililobanwa, ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi; RAW, faili ghafi la kamera, ikiwa ya biti 14 ina 16,384. Ukinyanyua giza la JPEG unakutana na chembechembe na mabaka. Piga RAW, na pima mwanga kwa ile nguo nyeupe ya mtoto wa ubarikio: nyeupe ikishaungua, yaani ikazidiwa mwanga hadi ikapoteza alama zote, hairudi, giza la wastani linarudi.

Madoadoa ya jua chini ya mjakaranda siyapokei kwa bei ya kawaida. Kila doa linataka maski yake, na kikundi kina watu ishirini! Wasogeze tu hatua chache hadi kwenye kivuli cha ukuta. Wakidai Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ionekane nyuma, waambie warudi alfajiri, mchana mara nyingi imejifunika mawingu.

Kivuli cha miguuni nakiacha. Mtu asiye nacho anaonekana amebandikwa. Mteja aking'ang'ana kwamba hakitaki, nakipunguza nusu na kulainisha kingo, namtumia, na mpaka leo hakuna aliyerudi kudai ile nusu nyingine.