Anayelia Ndani ya Wimbo Huenda si Mtunzi

Bwana Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Maisha ya mshairi yanaingia kwa kiasi gani katika tungo zake, na je, msomaji anahitaji kuyajua ili azielewe?" Miye ni fundi cherehani hapa Ng'ambo, Unguja, na pembeni huwatungia nyimbo kikundi kimoja cha taarabu, kwa hiyo swali limenigusa nikiwa msomaji na nikiwa mtunzi. Jibu langu ni kwamba yanaingia sana, ila si kwa mlango ule wanaoonyeshwa wanetu skuli.

Skuli mtoto huandika: "Mshairi huyu alipata tabu, ndiyo maana ametunga juu ya tabu." Anapigiwa alama ya vyema na mambo yamekwisha. Kwa hesabu hiyo kila aliyepata tabu hapa visiwani angekuwa na diwani yake, na maduka ya vitabu yasingetosha.

Mchukueni marehemu mshairi Haji Gora Haji. Alizaliwa kisiwani Tumbatu mwaka 1933, akafariki 2021. Elimu yake ilikuwa ya chuoni, kwenye Kurani. Skuli za serikali hakuzisoma. Alivua samaki, akawa baharia wa majahazi, akawa hamali wa kubeba karafuu bandarini. Mtu akisikia hivyo hutarajia mashairi ya kulalamika: mgongo unauma, tajiri dhalimu, mshahara haba. Lakini diwani yake iliyomtangaza, ya mwaka 1994, inaitwa Kimbunga, na nyingine iliyotoka 2019 inaitwa Shuwari. Katikati ya hizo mbili pana miaka ishirini na ushei, na mzee bado anatazama hali ya bahari.

Hapo ndipo ninapoyaona maisha. Mjomba wangu alikuwa baharia wa majahazi yaliyokuwa yakienda Tanga kutoka Wete, na siku moja nilimsifia bahari jinsi ilivyotulia, imelala kama kioo. Akanitazama kwa huruma. Kwa mwenye jahazi la tanga, aliniambia, bahari ikilala hivyo ni balaa jingine: tanga linaning'inia, jahazi linakokotwa na mkondo liende linakotaka mkondo, jua la utosini, na kila baharia anachungulia pipa la maji bila ya kusema kitu. Upepo mkali unakuua au unakufikisha. Ukikosekana, mnakaa tu mnatazamana, na nahodha ndiye anayeanza kugombana na watu.

Sisemi kwamba Haji Gora alikusudia hayo alipoipa diwani jina. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeijua bahari kwa mikono hawezi kuitaja kama anavyoitaja mgeni aliyekaa Forodhani na sahani yake ya urojo. Mgeni ataniambia bahari ni nzuri. Baharia ataniambia inafanya nini. Tofauti hiyo huipati kwa kusoma kwamba mshairi alizaliwa mwaka fulani na akaoa wake kadhaa. Unaipata kwa kuijua ile kazi aliyokuwa akiifanya. Laiti walimu wetu wangewachukua wanafunzi mpaka Mkokotoni, wakapanda mashua wakavuka kwenda Tumbatu siku ya kusi, halafu wakarudi kumsoma. Nusu ya maelezo ya darasani yasingehitajika. (Najua, watasema bajeti hakuna. Nauli ya mashua hata skuli yetu ya mtaani ingeimudu.)

Kuna na mfano wa ng'ambo ya maji, Mombasa, ambao hutajwa kila linapoulizwa swali hili: mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa maandishi ya kisiasa, na diwani yake Sauti ya Dhiki ikachapishwa 1973. Jela imo mle ndani, nani atakataa? Lakini tusisahau kwamba alikulia kwenye nyumba ya ushairi. Mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo ni kaka yake. Vina na mizani alikuwa navyo kabla ya pingu. Jela ilimkuta fundi.

Sasa nije kwenye taarabu, maana hapo ndipo watu wanapopotea zaidi.

Siku moja alinijia bibi mmoja dukani, ameleta kitambaa cha dera. Nimeshampima, nimeshaandika, lakini haondoki. Mwisho akafunguka: anataka wimbo. Rafiki yake aliyekuwa akila na kulala kwake amemchukulia mume, na sasa anakaa kwenye nyumba ileile aliyoipaka rangi yeye. Nikamsikiliza huku nakata. Nilidhani kitakachomliza ni mume, kumbe mume alimtaja kwa kupita tu. Kilichompandisha pumzi ni dirisha la mbele. Kila akipita njia ile kwenda sokoni anaona vumbi limeganda kwenye vioo vyake, na yule mwanamke hajali hata kupitisha kitambaa. Alilirudia dirisha hilo mpaka nikaacha mkasi nikachukua kalamu. Zikatoka beti kadhaa, na moja inaanza hivi:

Nilikupa kiti changu, ukaona hakitoshi,
Ukatwaa nyumba yangu, na dirisha hulioshi.

Wimbo ukapigwa kwenye harusi. Basi ilipofika hapo pa dirisha, yule bibi alisimama na noti zake mkononi, akaenda kutunza kwa mwendo wa kujipa nafasi, anazunguka ukumbi mzima kwanza, na macho yake yako kwenye kona moja tu. Ukumbi mzima ukageuka kutazama kona hiyo. Waliojua walijua. Wasiojua walidhani ni wimbo wa mapenzi, wakafurahi vilevile.

Kesho yake majirani walimfuata mke wangu jikoni: "Shoga, nani kamtenda mumeo? Mbona analia hivi?" Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Sijaachwa, sijanyang'anywa nyumba, na madirisha yetu huoshwa kila Ijumaa. "Mimi" aliyekuwa akilia mle hakuwa miye hata chembe. Na bado nasema maisha yangu yamo: mtu anayekaa na wateja siku nzima, tepu shingoni, husikia siri ambazo hata kadhi hazimfikii, na masikio yanazoea kungoja neno ambalo mtu analirudia bila ya kujijua. Angekwenda kwa mtunzi mwingine, pengine lile dirisha lisingeimbwa, angepewa maua na ndege kama kawaida.

Kwa hiyo msomaji anayefukua maisha ya mtunzi wa Kizanzibari ili ajue nani alimwacha, anafukua shimo la jirani. Sisi hutumwa. Tunabeba maisha ya watu kwa nafsi ya kwanza, na anayejua kweli wimbo ni wa nani mara nyingi ni aliyekaa ukumbini.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ndiye ushahidi mkubwa. Alitoka Fumba, akauza vyungu, akahamia mjini, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na unafaa kusomwa. Lakini wimbo wa Kijiti, ambao wazee wetu waliujua kwa moyo, hausimulii habari zake. Unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa, mwuaji akavuka bahari akatoroka, na kesi ikawaangukia wengine waliobaki. Siti hakuwa maiti wala mshitakiwa. Alikuwa mtu wa tabaka ambalo likienda mahakamani hurudi na hasara, akiimba mbele ya watu wa tabaka hilohilo. Bila ya kulijua hilo, Kijiti unabaki kuwa kisa cha mauaji tu. Ukilijua, unasikia hasira kwa serikali ya siku zile, ingawa hakuna aliyeitukana waziwazi.

Kwetu Pemba kulikuwa na washairi wawili, Kamange, aliyefariki 1910, na Sarahani, aliyefariki 1926. Tungo zao zilikusanywa kwenye kitabu kimoja mwaka 2011. Hao nawataja kwa jambo moja tu: walijibizana. Mmoja akitunga, mwenzake yupo, anasikia, anajibu. Katika maisha ya mshairi tuhesabu pia nani alikuwa akimngojea kwa jibu, kwa sababu ukijua kesho utajibiwa na Sarahani, hutatoa shairi bovu leo.

Mmeongeza swali dogo: je, kijana asiyepitia dhiki anaweza kuwa mshairi? Anaweza, bora asiigize dhiki. Vijana wengi wanaoniletea tungo wamejaza machozi na makaburi, na ukimwuliza anafanya kazi gani, anakwambia anaendesha bodaboda kutoka Amani mpaka Darajani tangu alfajiri. Ndugu yangu, mbona huko barabarani hukuleta hata mstari mmoja?

Namalizia na mshairi mmoja aliye hai, Mohammed Khelef Ghassani, mtoto wa Pemba anayeishi Ujerumani kwa kazi ya utangazaji. Diwani yake N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini ilishinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell upande wa ushairi mwaka 2015. Pemba ninayoijua mimi, mtu akiwa kwao hasemi ana kwao. Husema mvua imemharibia karafuu alizoanika, husema boti imechelewa Mkoani, husema fulani hajamlipa pishi zake za jana. Kusema "nna kwetu" kunamjia aliyeko mbali, ambaye kila siku anaulizwa ametoka wapi. Haji Gora alishikwa na bahari aliyokuwa akiifanyia kazi. Huyu naona ameshikwa na masafa yenyewe. Siku akirudi kukaa moja kwa moja ningependa kusoma diwani itakayofuata, nione kama haitakuwa juu ya Ujerumani.

Msomaji wenu,
Fundi wa Ng'ambo, Unguja