Gari imegongwa pakingi Mwanjelwa, jamaa kasepa: ushahidi wa kamera

Pole sana kaka, kugongewa bampa ukiwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, halafu mtu anasepa inauma kweli. Ila kama kamera ya kwenye gari lako ilikuwa inarekodi una pa kuanzia. Chomoa memori kadi sasa hivi, usizunguke na gari kwanza, maana hizi kamera kadi ikijaa zinarekodi juu ya video za zamani na hiyo unayoitaka ndo itakuwa imeenda. Kopi faili zima kwenye kompyuta, usikate kipande, na usitegemee ya kurusha WhatsApp, inapunguza ubora mpaka namba haisomeki. Cheki na saa ya kamera, kama haiko sawa waambie trafiki mapema.

Ripoti polisi leo leo, bila ripoti yao watu wa bima hawakusikilizi. Ukishapata namba ya gari lililokugonga iangalie kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima Tanzania) uone kakatia bima kampuni gani, hata kama ana bima ndogo, hiyo ndo ya kukulipa wewe. Wasikutishe kwamba video sio ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaikubali.

Namba ikiwa haionekani pita maduka ya jirani uombe kamera zao, nazo zinajifuta.