Kwa wanaoanza kazi ya vidanje (kunyonya na kubeba uchafu wa vyoo) Goma

Anayeingia kazi hii huuliza kwanza bei ya kamio (lori). Aulize kwanza atamwaga wapi. Goma haina mifereji ya chini ya maji machafu, na mji umekaa juu ya mawe ya volkano yenye nyufa. Kinachomwagwa nyuma ya parseli (kiwanja) huko Majengo kinashuka bila kuchujwa, na huku chini watu wanachota maji ya kunywa kwenye ziwa Kivu. Kipindupindu kinapita njia hiyo hiyo.

Sheria Na. 11/009 ya 9 Julai 2011 kuhusu mazingira inakataza kumwaga uchafu unaoharibu maji, yawe ya juu ya ardhi au ya chini. Kwa hiyo ukiomba ruhusa kwa meri (ofisi ya mji), hakikisha mahali pa kumwaga pametajwa. Kila safari iwe na bordero (karatasi ya safari) ya nakala tatu: tarehe, avenii (barabara), namba ya kamio, ujazo, saa ya kutoka na ya kufika. Moja ya mwenye fose (shimo la choo), moja ya anayepokea mzigo, moja yako. Isainiwe pale pa kumwaga tu. Ikisainiwa kwa mteja, haithibitishi kitu. Tunamshauri mteja abaki na sehemu ya malipo mpaka aione bordero iliyosainiwa.

Kwenye fose, pima kwanza kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Matope yaliyotulia chini yakifika theluthi ya kina, wakati umefika. Vunja ukoko wa juu, toa vitambaa na plastiki kwa ndoano, kisha ongeza maji na ukoroge. Matope mazito yanaziba tiyo (bomba la kunyonyea). Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, basi usitegemee pompi kunyonya zaidi ya mita 5 au 6 kwenda juu. Chunga tanki lisijae kupita kiasi: pompi inanyonya hewa tu, maji yakiingia ndani, mapezi yake yanaharibika.

Hakuna anayeshuka ndani, hata kuokota simu. Gesi ya fose inamwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata bila kifaa cha hewa anakufa naye. Sigara iwe mbali.

Pale pa kumwaga, kwenye vitanda vya kukaushia matope, mwaga tabaka la sentimita 20 hadi 30 juu ya mchanga na kokoto. Ukizidisha, juu panakauka na chini panabaki uji. Wakati wa mvua, funika. Mayai ya minyoo hayafi kwa kukauka tu, kwa hiyo usimpe mkulima matope hayo mapema. Yahifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili; kuyachanganya na chokaa kwa saa chache hakutoshi kuua mayai hayo.

Maji ya kuoshea tiyo yarudi ndani ya tanki, si mtaroni. Penye kumwagika, zoa kwanza, ndipo upige klorini ya asilimia 0.5, kwa sababu juu ya kinyesi kibichi klorini inaisha nguvu.