Jibu: Mama kafeli kipimo cha kumbukumbu, baba kapasua. Ina maana gani?

Mkuu, pole. Unasema mama, ambaye hakusoma, kapata 15 kati ya 30, na baba, mwalimu mstaafu, kapata 27. Usikimbilie kusema mama ana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kipimo hicho kinamtaka mtu atoe saba kwenye mia, aendelee kushuka hivyo hivyo, aandike sentensi, anakili pembetano mbili zilizopandana. Mama aliyebaki kuchota maji kaka zake wakienda darasani, hiyo kalamu angeizoea wapi? Hapo wamepima shule.

Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walishughulikia tatizo hilo kwa kipimo kinachoitwa IDEA: mzee anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, anataja wanyama kwa dakika moja, anaulizwa daraja ni nini. Haandiki chochote. Muulizeni daktari kama anakijua.

Hata hivyo, kukosa shule utotoni kweli kunaongeza hatari ya demensia, na wasichana wa enzi zile ndio walionyimwa zaidi. Na baba naye msimwache. Msomi huweza kuficha dalili muda mrefu kwa maneno mazuri.

Kwa mama, mimi ningetazama zaidi shughuli zake za kila siku. Chenji ya sokoni bado anaijua? Mboga anaunguza kuliko zamani? Mpimisheni masikio pia, maana asiyesikia swali huonekana kasahau jibu. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu, hospitali siku hiyo hiyo: huenda ni maambukizi ya mkojo au malaria.