Bima ya dhima kwa sisi wa chakula na maturubai: anza na wanachokataa kulipa, bei baadae

Dada uliyeuliza habari ya bima, nimesoma swali lako lote. Kwa kifupi una biashara ndogo ya chakula na mapambo hapa Dar, mwenye ukumbi kakwambia bila karatasi ya bima ya dhima hakupi tarehe, na ajenti kakuletea kitu anakiita bima ya biashara anasema hiyo inamaliza kila kitu. Mi niko kwenye chakula na maturubai muda mrefu sasa, harusi, misiba, kipaimara, maulidi, kuanzia Mbagala mpaka Bunju, kwa hiyo ngoja nikueleze ninachokijua maana hili jambo naona linawaumiza wengi wetu na hatusemi.

Hiyo aliyokuletea ajenti, ukiifungua nadhani utakuta ni ya moto na wizi. Inalinda sufuria zako, friza, viti, vitambaa. Nzuri sana uwe nayo, ila sio anachotaka mwenye ukumbi. Yeye anataka kujua turubai likimwangukia mgeni au jiko lako la gesi likiunguza pazia nani atalipa. Hapo ndo inaingia bima ya dhima kwa umma, wengi wanaiita pablik laibiliti. Inalipa pale mtu wa nje anapokudai kisheria kwamba kazi yako imemuumiza au imeharibu mali yake, na kwa kawaida inabeba na gharama za wakili wa kukutetea. Vitu vyako mwenyewe hailipi hata kijiko.

Sasa kwenye kuchagua, watu wanakimbilia bei. Dada yangu bei iache kwanza, omba mkataba wenyewe, sio kipeperushi, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa mambo wasiyolipa. Kwenye kazi yetu kuna sehemu kama tatu nne ambazo ukizikuta zimefungwa basi hiyo bima kwako ni karatasi tu.

Cha kwanza ni maelezo ya kazi yako kwenye fomu. Nilipata tukio Kigamboni, upepo wa jioni ulinyanyua turubai la pembeni, nguzo ya chuma ikatua kwenye kioo cha mbele cha gari la mjomba wa bwana harusi. Yule mzee alitaka hela pale pale, wanakamati wakanizunguka wananiambia niandike karatasi kwamba nitalipa yaishe. Sikuandika, maana mikataba karibu yote ina sharti kwamba usikubali kosa wala usiahidi malipo kabla kampuni haijajua, ukiahidi wanaweza kukuruka. Nilimpa mzee pole, nikampa namba yangu na ya broka, yule dalali aliyenitafutia bima, nikapiga picha za nguzo, kamba, vigingi vilivyong'oka, gari na namba yake, nikachukua namba za watu wawili walioona, usiku ule ule nikamjulisha broka. Mtathmini wa kampuni ya bima alipokuja aliuliza nani alifunga, vigingi vilipigwa kwenye mchanga au udongo, halafu akafungua fomu yangu kuangalia kama nimeandika kufunga maturubai. Ilikuwepo: kupika, kuhudumia, kufunga na kufungua maturubai, jenereta, kwenye maeneo ya wateja. Wakalipa kioo na bodi, mi nikatoa eksesi yangu, yaani kile kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe. Kama fomu ingesema huduma ya chakula tu sijui ningesimamia wapi. Kwa hiyo wewe andika kila unachofanya, mapambo ya juu ya dari, mishumaa, taa, ngazi, vyote, na uandike kwamba kazi inafanyika nje ya ofisi yako, maana kuna kava, yaani bima, zinalinda eneo lako la biashara tu na sisi biashara yetu iko kwa watu.

Cha pili ni chakula chenyewe. Hapa sikiliza vizuri sana. Kava nyingi za dhima kwa umma hazilipi madhara ya bidhaa uliyouza au kugawa, na biriani lako ni bidhaa. Mwenzetu mmoja wageni wake waliharisha baada ya sendoff, wengine walilazwa, familia ikamdai, kampuni ikamjibu kwamba sumu ya chakula haimo kwa sababu kipengele cha dhima ya bidhaa hakuongeza. Na kweli hakikuwemo, hakuna aliyemwambia wakati anauziwa. Iliniuma maana ni mtu anayepika kwa usafi kabisa, na shughuli ile ilichelewa masaa chakula kikiwa kwenye hotipoti. Mwambie broka kwa maandishi: nataka dhima ya bidhaa na sumu ya chakula iandikwe wazi. Uliza pia wanaangalia tarehe ya tukio au tarehe ya kudaiwa, kwa sababu mtu anaweza kula leo, bima yako ikaisha wiki ijayo, barua ya wakili ikaja miezi baadae.

Cha tatu, mali iliyo mikononi mwako. Ukumbi uliokodi, viti na vyombo vya kuazima, jenereta ya mtu, kampuni nyingi zinatoa hivyo nje. Kwa vile huyo mwenye ukumbi ndo anayekudai karatasi, omba waongeze kipengele cha jengo ulilokodi, la sivyo pazia lake likiungua mnaanza kusutana.

Gari la kubebea vyombo lina bima yake ya gari, usitegemee hii. Na vijana wako wakiungua mafuta hii hailipi wafanyakazi wako, hao ni WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni sheria kwa mwajiri Bara na mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara. Wale vibarua wa siku moja muulize broka na WCF wenyewe wanaingiaje, usikisie.

Kwenye kiwango angalia namba mbili. Kuna kiwango kwa tukio moja na kuna kiwango cha mwaka mzima. Ukiandikiwa milioni 50 na ndo hiyo hiyo ya mwaka, tukio moja la watu arobaini kulazwa linaweza kuimaliza na harusi za Desemba bado. Uliza gharama za wakili zinakatwa humo humo au ziko juu yake. Eksesi nayo iwe hela ambayo unaweza kuitoa kweli kesho asubuhi. Na bei ukitajiwa uliza kama ina VAT, ukiambiwa laki sita bila VAT, kwa VAT ya asilimia 18 utalipa 708,000.

Kuhusu ajenti, simsemi vibaya, ila ajenti anafanyia kazi kampuni ya bima, broka anatakiwa akusimamie wewe na anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa. Wote wanatakiwa kuwa na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na ukishalipa hakiki kavanoti yako, ile hati ya kuonyesha una bima, kwenye mfumo wa TIRA kabla hujaipeleka kokote. Mkikwama kwenye madai kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO.

Kwa huyo mwenye ukumbi, usimpe mkataba wote. Omba cheti kinachoonyesha kiwango, tarehe, na jina la ukumbi wake limeongezwa kama mwenye eneo, kwa broka anayejua kazi hilo halichukui muda. Ukipata bei za broka ziweke hapa, futa jina la kampuni, tupigie picha ule ukurasa wa wasiyolipa, nitaupitia na wewe mstari kwa mstari.